Mzigo Unaowaka Kutoka Ndani

Tunaona malori yakitoka Kolwezi na mifuko ya unga wa kobalti, yakielekea Kasumbalesa na mbele hadi baharini. Sehemu kubwa ya kobalti ya dunia inachimbwa huku kwetu Kongo. Nyingine inarudi kwetu ndani ya batri ya simu. Lakini je, tunajua kwamba batri hiyo, ikiwa mzigo, inaweza kuua watu?

Tarehe 3 Septemba 2010, ndege ya mizigo ya UPS iliruka kutoka Dubai kwenda Ujerumani. Ndani mulikuwa batri za litiamu zaidi ya 80,000. Baada ya dakika 22 hivi, kengele ya moto ikalia. Moshi ukajaa mpaka mbele kwa marubani, hawakuona hata saa za ndege. Wakageuka kurudi, lakini ndege ikaanguka karibu na Dubai. Marubani wote wawili wakafa.

Moto huo unatoka wapi? Batri ikigongwa, ikitobolewa, ikipata joto kali, ao ncha zake zikigusana na chuma, inaanza kujichoma yenyewe. Inatoa gesi yenye kuwaka, na joto linaruka kwa batri ya pembeni. Hata ukiizima, inaweza kuwaka tena. Njo maana tangu tarehe 1 Aprili 2016, ICAO, shirika la mataifa la ndege, inakataza batri hizo zisafirishwe peke yake kama mzigo ndani ya ndege za abiria. Katika ndege za mizigo, chaji haipite asilimia 30.

Barabarani kwetu nani atachunguza? Ni wewe, baba, mama, kijana unayetuma mzigo. Batri iliyovimba ao kupasuka, hapana kuituma. Funika ncha zake na plastiki ao utepe. Hapana kuificha chini ya mizigo mizito, wala karibu na mafuta ao penye jua kali. Mwambie dereva wazi ni kitu gani kiko ndani ya katoni.

Na mkiona moshi, simamisheni gari, watu wote washuke na kwenda mbali, maana moshi ule ni sumu. Maji mengi yanapoza batri, lakini mzigo unanunuliwa tena. Mtoto hanunuliwe.