Boxer Isiyotoa Moshi

Tangu mwaka 2000, wanafunzi wa uhandisi wa Marekani na Kanada wamekuwa wakishindania jambo ambalo mimi, mwalimu wa ufundi wa pikipiki hapa Kitui, nalitamani sana kwetu. Kila timu huchukua pikipiki ya theluji, ile yenye miguu miwili ya kutelezea mbele na mkanda wa mpira nyuma, ikaichokonoa mpaka moshi upungue na mlio ushuke bila nguvu kupotea. Mashindano hayo ya SAE, chama cha wahandisi wa magari, yalianzia Wyoming, jirani na hifadhi ya Yellowstone, ambako watu walikuwa wakilalamikia moshi na kelele za vyombo hivyo.

Nyingi ya pikipiki hizo wakati ule zilikuwa na injini za stroku mbili. Katika injini hiyo petroli mbichi huingia kwenye silinda wakati uleule moshi unapotoka, na sehemu yake hutorokea kwenye ekzosi kabla haijawaka. Oili nayo huungua humo humo. Pikipiki zetu za Boxer na TVS ni stroku nne, kwa hiyo ugonjwa huo hatuna. Wetu ni vumbi.

Mwanafunzi mmoja alileta Boxer inayobeba maji kutoka mto Thua. "Mwalimu, hii imekufa nguvu, na inakunywa mafuta sana." Ilikuwa ikitema moshi mweusi. Tulifungua kifuniko cha ubavuni, tukatoa chujio la hewa na kuligonga sakafuni. Likamwaga vumbi jekundu la kujaza kiganja. Plagi nayo ilikuwa na masizi makavu hadi nchani. Injini ikikosa hewa, petroli haiungui yote. Inayobaki ndiyo masizi, ndiyo moshi, na ndiyo pesa ya mwenye pikipiki inayopotea barabarani. Tuliweka chujio jipya, tukasafisha kabureta, tukarekebisha skrubu ya hewa. Aliporudi baada ya siku chache, ncha ya plagi ilikuwa ya kahawia, rangi ambayo kila fundi hufurahi kuiona.

Kelele ni habari nyingine, na hapo ninakuwa mkali. Moshi hutoka kwenye silinda kwa mapigo, na kila pigo ni wimbi la shinikizo. Ndani ya sailensa mna vyumba na mirija yenye matundu. Mawimbi hugonga kuta, hurudi, hukutana na yanayokuja na kupunguzana nguvu. Vijana wetu huikata mirija hiyo kwa grainda wakiamini watapata mbio. Wanachopata ni mlio, na mara nyingi ile nguvu ya kupandia mlima na mzigo hupungua. Kanuni za kudhibiti kelele zipo tangu 2009, lakini mgonjwa aliyelala wodini kando ya barabara hawezi kusubiri askari.

Wengi huniambia dawa ni umeme. Nakubali, na historia yake hapa Kenya inanipa moyo. Kampuni ya Roam, iliyoitwa Opibus zamani, ilichipuka kutoka mradi wa utafiti wa Chuo Kikuu cha Linköping, Sweden. Ilianza Nairobi mwaka 2017, ikang'oa injini za magari ya safari na kuweka mota za umeme. Sasa inaunda pikipiki. Umeme wetu nao ni safi: mwingi ni wa mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua, na bwawa la Kiambere liko hapa mpakani mwa Kitui na Embu. Lakini Kitui ina zaidi ya kilomita za mraba 30,000. Dereva wa Tseikuru au Mutha ataendesha petroli kwa miaka kadhaa bado, na mapafu yake hayawezi kungoja.

Ndiyo maana nataka mashindano yetu. Chuo kikuu cha SEKU kule Kwa Vonza na vyuo vya ufundi vya Kitui na Makueni walete pikipiki kuukuu zilizorekebishwa na wanafunzi. Kila moja ifungwe mitungi minne ya lita 20 za maji na ipande milima ya Mbooni kwa petroli iliyopimwa. Kitambaa cheupe kishikwe kwenye ekzosi, kipima kelele kisimamishwe kando ya barabara. Waamuzi wawe madereva wa boda wenyewe, na pikipiki itakayoshinda ipewe mmoja wao aifanyie kazi mwaka mzima, kisha tuifungue injini mbele ya wanafunzi tuone.