Kiwanda cha Meli Kinaweza Kuunda Meli Ngapi kwa Mwaka?

Katika viwanda vya Ulsan, Korea Kusini, meli kubwa huundwa kwa mabloku ya chuma. Kila bloku huchomelewa karakanani na kupakwa rangi, kisha kreni hulibeba hadi chelezoni kuunganishwa na mengine. Mwaka 2002 Hyundai ilinunua kwa dola 1 tu kreni ya Malmö, Sweden, inayonyanyua tani 1,500. Kadiri bloku linavyokuwa kubwa, ndivyo meli inavyokaa siku chache chelezoni. Hata hivyo, kreni peke yake haitoshi kutuambia kiwanda kitatoa meli ngapi.

Chukua mfano wa banda la rangi. Bloku moja huhitaji siku 4 kwa wastani, na kila baada ya siku 5 huletwa jingine. Kwa hesabu ya kugawanya, nafasi ipo. Tatizo ni huo wastani. Unyevu ukizidi, rangi haikauki. Mshono ukikutwa na ufa, hurudiwa. Mara mabloku matatu yanafika kwa mpigo. Ikiwa ufikaji na muda wa kazi havitabiriki kabisa, hisabati ya foleni inaonyesha kuwa bloku litasubiri wastani wa siku 16 kabla ya kuguswa. Ongeza mabloku kidogo, banda lifanye kazi asilimia 90 ya muda badala ya 80, na kusubiri kunapanda hadi siku 36!

Fomula hiyo inalimudu banda moja. Kiwanda kizima, chenye karakana zinazogombea kreni na uwanja unaojaa mabloku, kinahitaji uigaji wa kompyuta. Kazi ya namna hii ndiyo iliyowafanya Kristen Nygaard na Ole-Johan Dahl wabuni lugha ya Simula huko Oslo miaka ya 1960. Programu huchota muda wa kila kazi kwa kubahatisha kutoka kumbukumbu halisi za karakana, huruka kutoka tukio hadi tukio, na kuumaliza mwaka kwa muda mfupi. Kisha huanza upya, mara mamia. Jibu lake ni uwezekano: meli 9 karibu kila mara, 10 mara chache, 11 ni ndoto.

Anayesaini mkataba wa meli 11 hailipi yeye gharama ya ndoto hiyo. Anailipa mchomeleaji anayeunganisha zamu ndani ya tangi lililojaa moshi. Kwa hiyo kumbukumbu zinazoingizwa kwenye programu ziwe za saa alizofanya kazi kweli, si zile zilizopangwa ofisini.