Je, Wajua? Manjano Hugeuka Mekundu

Nunua manjano ya unga duka lolote la mtaani. Koroga kijiko na maji, kisha tia chembe ya magadi, yale yale ya kulainishia makande. Papo hapo rangi inakuwa nyekundu ya matofali. Kamulia ndimu: njano inarudi! Ndiyo maana doa la mchuzi kwenye shati jeupe huwa jekundu likiguswa na sabuni. Usilie. Suuza, anika juani. Jua huila rangi hiyo kuliko sabuni yoyote.

Mchawi wa yote ni kurkumini, takriban asilimia 3 tu ya unga wenyewe. Haipatani na maji, inapenda mafuta. Mwilini haikai. Lakini katika jaribio la mwaka 1998 nchini India, kiini kidogo cha pilipili manga kilipandisha kurkumini kwenye damu mara 20 hivi. Mama anayekaanga manjano na pilipili manga kwenye mafuta yuko sahihi, hata kama hajui kwa nini.

Mmea wa manjano hauzai mbegu. Hupandwa kipande cha tunguu, kama tangawizi, binamu yake. Tunguu huchemshwa kwanza, kisha huanikwa na kusagwa.

Baadhi ya majaribio yameonyesha manjano hupunguza maumivu ya goti. Ya kwenye mchuzi kula bila hofu. Vidonge vyake vikali ni habari nyingine: vimewahi kudhuru ini. Unatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda? Muulize daktari kwanza.