Kwa nini baadhi ya wagonjwa hurudi chumba cha dharura kila mara

Kila hospitali ina wagonjwa ambao hata mlinzi wa langoni anawajua kwa majina. Hufika usiku wakatibiwa, wakarejea nyumbani, na kabla ya juma kwisha huonekana tena wameketi kwenye benchi lile lile la chumba cha dharura.

Wahudumu wa afya huwatazama wagonjwa hao kwa macho tofauti. Wapo wanaowahurumia, na wapo wanaowaona kuwa watu wanaochukua nafasi ya mahututi kwa maradhi ambayo yangetibiwa zahanati. Si haki kuwalaumu wahudumu hao moja kwa moja. Muuguzi mwenye majeruhi wa pikipiki mbele yake na mama mjamzito anayevuja damu nyuma yake hana muda wa kumdadisi mtu aliyemwona juzi.

Hata hivyo, takwimu hazikubaliani na dhana kwamba warudiaji ni wazushi. Mapitio ya tafiti za Marekani yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha kuwa wagonjwa wanaofika mara nne au zaidi kwa mwaka walikuwa kati ya asilimia 4.5 na 8 ya wagonjwa wote, lakini walichangia kati ya asilimia 21 na 28 ya ziara zote. Wengi wao walikuwa na bima, na kwa jumla walikuwa wagonjwa zaidi kuliko wale wafikao kwa nadra.

Katika wadi ya Shika Adabu, eneo bunge la Likoni, sababu za kurudi si ngumu kuziona. Mwenye pumu anayekosa fedha za inhela ya kuzuia ugonjwa hupewa dawa ya mvuke hospitalini, akapata nafuu na kwenda zake. Mapafu yake hayajapona. Yamefunguliwa tu kwa saa chache.

Serikali iliondoa ada katika zahanati na vituo vya afya vya umma mwaka 2013, lakini kuondoa ada si kujaza rafu za dawa, wala si kufungua milango usiku. Usiku huo mlango ulio wazi ni wa hospitali. Na anayehitaji daktari bingwa katika Hospitali ya Rufaa ya Pwani, ambayo wenyeji wengi huiita Makadara, hana budi kuvuka kwa feri ya Likoni au kuzunguka kwa barabara ya Dongo Kundu. Kwa kibarua, kwenda kliniki ni kupoteza ujira wa siku nzima.

Lakini mgonjwa anayeteseka zaidi kwa shaka za wahudumu ni mwenye selimundu, ambao wengi huuita sikoseli. Ugonjwa huu wa kurithi umeenea Pwani na magharibi mwa Kenya, maeneo yenye malaria kwa karne nyingi, kwa kuwa anayerithi chembe moja tu ya selimundu hupata kinga dhidi ya malaria kali. Anayerithi mbili, kutoka kwa baba na mama, hushikwa na maumivu makali ya mifupa yasiyotangulizwa na dalili ya nje. Hana jeraha wala uvimbe wa kuonyesha. Anachokuwa nacho ni kilio tu, na ombi la dawa kali ya maumivu.

Katika mji ambao heroini imeangamiza vijana wengi, ombi hilo huzua shaka: huyu anaumwa, au anatafuta dawa za kulevya? Kijana anayeitaja dawa na kipimo chake huonekana mjanja, ilhali amejifunza kwa kulazwa tangu utotoni. Ipo dawa ya kumeza, haidroksiyurea, inayopunguza vipindi vya maumivu, lakini hutumiwa kila siku na huhitaji kupimwa damu mara kwa mara. Hiyo ni kazi ya kliniki, si ya chumba cha dharura.

Kuwafuata wagonjwa nyumbani nako hakutoshi. Mjini Camden, Marekani, mpango wa kuwatembelea waliokuwa wakilazwa mara nyingi ulisifiwa kwa miaka, hadi jaribio la watu 800 lilipochapishwa Januari 2020. Katika siku 180, asilimia 62.3 ya waliosaidiwa walilazwa tena, na asilimia 61.7 ya wasiosaidiwa. Wauguzi waliwafikia, lakini nyumba na matibabu waliyoelekezwa mara nyingi hayakuwapo.

Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura, wala haisemi ni kwa mara ngapi. Hatari ipo katika mazoea. Kwa mgonjwa wa selimundu, maumivu ya kawaida yanaweza kufuatwa baada ya siku mbili au tatu na homa, kifua kubana na upungufu wa oksijeni, hali ambayo ni miongoni mwa zinazoua wagonjwa hao zaidi. Siku hiyo ataketi kwenye benchi lile lile, akitaja maumivu yale yale, mbele ya mhudumu aliyemruhusu kwenda nyumbani wiki iliyopita.