Mitambo Isiyosemezana

Muhula uliopita, mwanafunzi wangu mmoja alizuiwa mlangoni mwa chumba cha mtihani. Karo alikuwa ameilipa yote, na risiti ya benki alikuwa nayo mkononi. Tarakilishi ya idara ya fedha ilimtambua. Ile ya mitihani haikumjua kabisa. Chuo chenyewe, ambacho sitakitaja, kilikuwa kimenunua programu mbili kutoka kwa wauzaji wawili. Katika moja, 'mwanafunzi' ni aliyelipa karo. Katika nyingine, ni aliyejisajili kwa kozi. Neno moja, maana mbili, na kijana wa watu akakaa nje huku wenzake wakiandika.

Mnamo 1968, Melvin Conway, mtaalamu wa tarakilishi wa Marekani, alidai kwamba shirika liundapo mfumo wowote, mfumo huo huiga jinsi watu wa shirika hilo wanavyowasiliana. Idara zisizosemezana huzaa mitambo isiyosemezana. Naona aligusa isimu pasi na kukusudia.

Aghalabu wakubwa wetu huanzia mwisho. Hununua mitambo kwanza, ndipo waitishe kikao kujadili itafanya kazi gani.

Tuitazame M-Pesa, ambayo wengi huisimulia kana kwamba ilishuka ikiwa kamili. Majaribio yake yalianza mwaka wa 2005, Faulu Kenya ikiwa mshirika, kwa lengo la kuwawezesha wakopaji wadogo kurejesha mikopo kwa simu. Kumbe wakopaji hao walikuwa katika vikundi, wakikutana ana kwa ana na kudhaminiana, ilhali simu ni ya mtu mmoja mmoja. Mtambo na desturi ya kazi havikuoana. Wakati uo huo, watu wale wale walianza kutumiana pesa wao kwa wao, jambo ambalo halikuwa limekusudiwa. Vodafone na Safaricom hawakung'ang'ania lengo la awali. Huduma ilipozinduliwa Machi 2007, mikopo ilikuwa imewekwa kando na tangazo likawahimiza watu kutuma pesa nyumbani. Kitenzi hicho kimoja, 'kutuma', kiliyafanya mengine yote yaeleweke: menyu fupi, ada, wakala kijijini. Biashara ilipopanuka, mtambo nao ulibidi kubadilishwa; mwaka wa 2015 seva zake zilihamishwa kutoka Ujerumani hadi Kenya, kwenye mfumo mpya.

Huenda msomaji akauliza, mwanaisimu anatafuta nini katika mambo ya seva? Namjibu kwamba kabla ya mhandisi kuandika msimbo wowote, sharti mtu amweleze 'mteja' ni nani, 'deni' ni nini, na 'kulipa' hukamilika lini. Hiyo ni kazi ya maana, na makarani wanaijua kuliko wauzaji wa programu.

Kijana yule hatimaye aliruhusiwa kuingia baada ya karani kuliandika jina lake kwa kalamu. Nimeiandikia kamati ya chuo nikiomba kwamba, kabla ya programu ya tatu kununuliwa, makarani wa idara hizo mbili waketishwe meza moja wakubaliane 'mwanafunzi' ni nani. Bado nangoja jibu.