Zege la katani na vifusi poa, ila marudio hapana!

Wadau, huku Shinyanga mkonge upo kwenye mipaka ya mashamba, na nyumba ikibomolewa vifusi vinatupwa tu. Vyote vinafaa kwenye zege. Vunja zege kuukuu liwe kokoto, chekecha udongo, kisha ziloweke, maana zinanyonya maji kuliko kokoto za mwamba. Nyuzi fupi za katani, kama sentimita 3, zinapunguza nyufa ndogo siku za mwanzo. Ila saruji huzila taratibu, kwa hiyo sio mbadala wa nondo: tumia kwenye vijia na sakafu ya chini, sio nguzo.

Na nyie wa Geita, jamani, msifanye marudio ya dhahabu kuwa mchanga. Yanaweza kubaki na zebaki, na sakafu ikichakaa vumbi wanavuta watoto. Mafundi mnasemaje?