Redio za jamii mashariki mwa Kongo: kabla ya kutafuta wati, tazama 50 na 75

Maneno «wamefika» na «wameshika» yanatofautiana kwa sauti moja tu. Lakini kwa mkaaji wa Fizi, wa Masisi ama wa Walikale anayesikiliza habari za asubuhi kwenye redio ndogo ya betri, tofauti hiyo ni kubwa. Kusikia kwamba askari wamefika mahali ni habari moja. Kusikia kwamba wameshika mahali hapo ni habari nyingine, na kuna familia zitakazofunga mizigo kwa sababu ya sauti hiyo moja.

Sauti za «f», «s», «sh» na «z» ni sauti nyembamba, zinakaa juu kuliko sauti za «a» ama «o». Ndizo za kwanza kupotea kama mashini ya kurushia matangazo, ile ambayo mafundi wetu wanaiita emeteri, haikupangwa vizuri. Wasikilizaji wakilalamika kwamba hawaelewi mtangazaji, wakubwa wa redio wanafikiri nguvu ni kidogo, wanaanza kutafuta pesa za kununua wati zaidi. Pengine shida iko kwenye kitu kidogo ndani ya emeteri ileile: kipimo kinachoitwa priemfasi. Mafundi waliosoma kwa Kifaransa wanakijua kwa jina la preaksentuasioni.

Mapatano kati ya emeteri na redio

FM ilitokana na kazi ya Mmarekani Edwin Howard Armstrong, aliyepata hataza zake mwaka wa 1933. Sifa yake kubwa ni sauti safi, isiyosumbuliwa sana na radi wala mashini za umeme. Lakini FM ina udhaifu mmoja: ule mchachato wa «shhh» unaosikika nyuma ya sauti hauko sawa kila mahali. Ni kidogo kwenye sauti nzito, na unazidi kadiri sauti inavyokuwa nyembamba. Bahati mbaya, katika maneno ya watu na katika muziki mwingi, sauti nyembamba ndizo zenye nguvu kidogo. Kwa hiyo mchachato unazifunika kwa urahisi.

Dawa yake ni mapatano ya pande mbili. Emeteri inainua sauti nyembamba kabla ya kuzirusha. Hiyo ndiyo priemfasi. Redio ya msikilizaji inazishusha tena kwa kipimo kilekile. Hiyo inaitwa diemfasi. Sauti ya mtangazaji inarudi ilivyokuwa. Mchachato, ambao uliingia njiani baada ya kuinuliwa huko, unashushwa peke yake. Msikilizaji anapata sauti kamili na kelele kidogo.

Mapatano hayo yanafaa tu kama pande zote mbili zinatumia kipimo kimoja. Hapo ndipo dunia iligawanyika.

50 ni yetu, 75 ni ya Amerika

Kipimo hicho kinahesabiwa kwa mikrosekunde. Ulaya na Afrika, pamoja na Kongo, hutumia mikrosekunde 50. Marekani, Kanada na Korea ya Kusini hutumia 75.

Kwa mikrosekunde 50, kuinuliwa kunaanza kusikika vizuri karibu na hezi 3.180. Kwenye kilohezi 5 sauti imepanda desibeli 5,4, kwenye kilohezi 10 imefika desibeli 10,4. Kwenye kilohezi 15, ambapo sauti ya FM inaishia, imepanda desibeli 13,7, yaani ukubwa wake umezidi karibu mara 5. Kwa mikrosekunde 75 kazi inaanza mapema zaidi, karibu na hezi 2.120, na kwenye kilohezi 15 inafika desibeli 17.

Emeteri ndogo zinazouzwa kwa intaneti zinatengenezwa kwa ajili ya masoko ya nchi nyingi. Nyingine zina kijiti cha kuchagua 50 ama 75 kwenye sahani ya ndani, nyingine zinachagua kwa programu, nyingine zimefungwa kwa kipimo kimoja na mnunuzi haambiwi ni kipi. Anayeifunga antena na kuanza kutangaza bila kutazama hapo anacheza bahati nasibu.

Makosa matatu, sauti tatu

Kosa la kwanza ni kukosa priemfasi kabisa. Linapatikana hasa kwenye emeteri rahisi ambazo vijana wanajitengenezea kwa transista moja ama mbili. Redio ya msikilizaji haijui kwamba sauti nyembamba hazikuinuliwa, inazishusha vilevile. Mtangazaji anasikika kama aliyefunika mdomo kwa kitenge. «Wamefika» na «wameshika» zinakaribiana.

Kosa la pili ni kutumia 75 kwenye nchi ya 50. Hapa sauti inakuwa kali kidogo, karibu desibeli 3 zaidi kwenye sauti za juu. Wengine wanaipenda, wanasema redio yao «inakata» vizuri. Lakini «s» zinaanza kuchoma masikio, na emeteri inabebeshwa mzigo usio wa lazima.

Kosa la tatu ni kuinua mara mbili. Redio inanunua chombo cha kusawazisha sauti ambacho tayari kina priemfasi yake, kisha kinaungwa kwenye emeteri ambayo nayo ina ya kwake. Sauti inakuwa nyembamba kama bati, na kila «sh» inatoka na mkwaruzo. Hapo moja ya hizo mbili lazima izimwe.

Wati haziponyi hata kosa moja kati ya hayo matatu. Wati 100 zinapeleka sauti iliyofunikwa mbali kuliko wati 30, lakini inafika ikiwa bado imefunikwa.

Hesabu ndogo ya fundi

Katika emeteri nyingi za bei nafuu, kipimo kinatokana na vitu viwili tu: rezistansi moja na kondensata moja. Hesabu yake ni rahisi. Kilo-ohm zikizidishwa kwa nanofaradi zinatoa mikrosekunde moja kwa moja.

Tuseme fundi amekuta rezistansi ya kilo-ohm 33 na kondensata ya nanofaradi 2,2. Mara hizo mbili ni 72,6: emeteri hiyo ilipangwa kwa soko la Amerika. Akitoa kondensata hiyo na kuweka ya nanofaradi 1,5, anapata 49,5, ambayo ni 50 yetu. Kondensata kama hiyo inaweza kutolewa hata kwenye redio iliyokufa. Ila lazima awe na uhakika kwamba ndivyo vitu viwili vinavyofanya kazi hiyo, kwa kufuata mchoro wa mashini. Kubadilisha kwa kukisia kunaweza kuharibu zaidi.

Kupima bila vyombo vya bei

Kazi hii haifanywi hewani. Mahali pa antena panaungwa mzigo wa kujaribia wa ohm 50 unaobeba wati zote za emeteri. Kuiwasha bila antena na bila mzigo huo ni njia ya haraka ya kuunguza transista ya mwisho, ambayo ndiyo ya bei kuliko zote.

Kisha fundi anaingiza mlio wa hezi 400 kutoka kwenye telefoni ama kompyuta, kwa kiwango cha chini ili chombo cha kuzuia kilele kisiingilie. Karibu na mzigo anaweka redio ya kawaida, na waya unatoka kwenye tundu la ekuta za redio hiyo kuingia kwenye kompyuta. Asitegemee masikio wala spika ndogo ya redio, kwa sababu haitoi sauti za juu sawasawa. Programu ya bure ya kurekodi inatosha kuonyesha kiwango. Halafu anabadilisha mlio kuwa kilohezi 10, bila kugusa kitu kingine.

Matokeo yanasomwa hivi. Kama milio miwili inalingana, mapatano yametimia. Kama wa kilohezi 10 umezidi kwa desibeli 3 hivi, emeteri iko kwenye 75. Kama umepungua kwa karibu desibeli 10, hakuna priemfasi. Kama umezidi kwa karibu desibeli 10, imeinuliwa mara mbili.

Inafaa kurudia kwa redio tatu ama nne tofauti, ikiwemo telefoni yenye FM. Baadhi ya telefoni zina chipu inayoweza kupangwa kwa 50 ama kwa 75, na ile iliyotengenezwa kwa soko la Amerika itamdanganya fundi.

Jirani na ndege

Kuna sababu nyingine ya kuwa makini. Kituo cha FM hakiruhusiwi kuyumbisha wimbi lake zaidi ya kilohezi 75 kila upande. (Hiyo 75 ni ya kilohezi, haina uhusiano na ile ya mikrosekunde.) Sauti nyembamba zikiinuliwa kupita kiasi, ni «s» na «sh», pamoja na matoazi ya muziki, zitakazovuka mpaka huo kwanza. Msikilizaji anasikia mkwaruzo, na kituo kinaanza kumwagika kwenye mkanda wa jirani.

Kwa sababu hiyo chombo cha kuzuia kilele kinawekwa baada ya priemfasi, ama kiwe kinachoijua. Kikiwekwa kabla yake, kinapima sauti ambayo haijainuliwa bado, kinairuhusu ipite, halafu inapanda mbele yake bila mlinzi.

Na mkanda wa FM unaishia megahezi 108. Hapohapo juu yake ndipo mawimbi ya usafiri wa ndege yanapoanza. Emeteri iliyopangwa ovyo karibu na kiwanja cha ndege si mchezo, na ndiyo maana hata wati 5 hazirushwi hewani bila ruhusa ya serkali.

Kwa redio ya jamii inayoishi kwa paneli za jua na betri za gari, kuongeza wati ni kuongeza betri, paneli na deni. Kutazama priemfasi ni kazi ya nusu siku. Anayenunua emeteri amuulize muuzaji swali moja kabla ya kulipa: ni 50 ama 75, na je, inaweza kubadilishwa? Fundi akimaliza kupima, aandike namba kwenye kipande cha karatasi na akibandike kwenye mashini. Atakayekuja kuitengeneza baadaye atajua alipoanzia, na mtangazaji akisema watu wamefika, ndivyo watakavyosikia huko vijijini.